Mizizi ya Maneno: Daftari la Nakuru Lililonifunza Kiswahili Changu

Si desturi ya dada yangu kunipigia simu baada ya sala ya Isha. Yeye amekaa Nakuru zaidi ya miaka ishirini, tangu alipoolewa huko mtaani Bondeni, na mambo yetu ya kujuliana hali tumezoea kuyamaliza Ijumaa mchana. Kwa hiyo nilipomsikia usiku wa Jumanne, moyo ulinienda mbio.

"Kaka," alisema, "mwanangu ameingia katika jambo nisilolijua. Nimeliona daftari lake. Si Kizungu, si Kiarabu, wala si Kiswahili. Lina herufi kama za talasimu. Wewe ndiwe uliyesoma. Njoo umtazame."

Mpwa wangu huyo ni kijana wa miaka ishirini na miwili, anasomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Baba yake alitangulia mbele ya haki angali mdogo, na mama yake amemlea kwa kuuza vitumbua na mahamri. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa uzito wa neno talasimu likitoka kinywani mwa mama mjane juu ya mwanawe wa pekee. Nilifunga mkoba wangu, nikatia na juzuu mbili tatu, nikasafiri.

Nilipanda gari moshi hadi Nairobi. Hili la sasa lilianza kubeba abiria mwaka 2017, na sisi watu wa Mombasa tunaliita "esijiaa," yaani herufi tatu za Kiingereza, basi. Babu zetu hawakufanya hivyo. Reli ya kwanza ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, waliliangalia lile dude, wakakaa, wakalitafutia jina. "Gari" walilichukua kwa Wahindi, "moshi" wakaliokota jikoni kwao, wakaviunga. Leo moshi wa makaa hauonekani tena lakini jina lingalipo. Nilikuwa nikiyawaza hayo njiani bila ya kujua kwamba ndiyo yatakayokuwa mazungumzo yangu kwa siku tatu.

Kutoka Nairobi nilichukua matatu, tukateremka ule mteremko mkubwa wa Bonde la Ufa. Kila mji tulioupita ulikuwa na jina lililotoka katika kinywa cha Mmasai. Naivasha ni "Nai'posha," maji yenye kuchafuka, ila mdomo wa mgeni ukalipinda. Elementaita ni mahali penye vumbi. Nakuru nayo maana yake ni hiyo hiyo ya vumbi, na ijapokuwa mji huo ulipewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba mwaka 2021, upepo ukivuma kutoka upande wa ziwa utajua kwamba Wamasai hawakukosea. Wenyewe wameondoka katika sehemu kubwa ya nchi ile zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini maneno yao hayakuondoka. Neno lililotiwa katika ardhi ni gumu kung'oa.

Nilifika Bondeni adhana ya Magharibi ikilia. Tulipokwisha kuswali, dada akanitolea daftari. Alikuwa amelifunga katika leso, kama mtu afungavyo kitu asichotaka kikamguse. Nikalifungua. Kweli lilikuwa na maneno ya ajabu, safu kwa safu, na kati yake herufi mbili nisizopata kuziona kwa Waingereza waliotusomesha: moja kama kijiti kilichosimama kikatoa tumbo katikati, na nyingine kama "d" iliyochorwa msalaba kichwani. Kijana akaingia, akanishika mkono akaubusu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hizi ni herufi gani?"

Akacheka kwa haya. Akaniambia kwamba ile ya tumbo jina lake ni "mwiba," na sauti yake ni ile ya kutia ncha ya ulimi kati ya meno bila ya kuvumisha koo. Ile ya msalaba ni sauti ya mahali pale pale, lakini ya kuvumisha.

Nami nikacheka. Nikamgeukia dada nikamwambia, "Dada, tulia. Hii ni thaa, na hii ni dhali. Ni zile zile tulizopigiwa fimbo chuoni mpaka tukazitamka sawa sawa."

Na ndivyo ilivyo, ndugu msomaji. Waingereza wa zamani walikuwa nazo herufi hizo mbili katika maandishi yao, kisha wakazipoteza, na ndiyo maana leo huandika sauti zote mbili kwa "th" moja, mgeni asijue ni ipi. Watu wa kisiwa cha Aislandi wanaziandika mpaka sasa. Sisi Waswahili tulizipata kwa njia ya Waarabu, tukazitia katika thelathini na dhahabu. Mtoto wa Bondeni akisema "selasini" na "zahabu," kosa lake ni lile lile la Mjerumani aliyeshindwa kusema maneno ya Kiingereza yenye "th."

Dada alishusha pumzi. Lakini hakutosheka. "Kama si uchawi," aliuliza, "basi ni nini?"

Kijana akaeleza, nami nikawa mkalimani. Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kinorwe, Kidenmaki na lugha ya Aislandi ni watoto wa mama mmoja. Mama huyo alisemwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, wala hakuacha kitabu hata kimoja. Wataalamu wamemjua kwa kuwatazama wanawe, kama vile mtu awezavyo kulijua sura ya bibi aliyekufa kwa kuwapanga wajukuu mstari mmoja. Sasa mpwa wangu alijiuliza: je, kama angalikuwapo mtoto mwingine, aliyepotea njiani, angesemaje leo? Mtoto huyo ndiye aliyekuwa akimwunda katika daftari. Lugha nzima, ya ukoo wa Kijerumani, isiyopata kusemwa na mtu yeyote chini ya jua.

Nilidhani ni mchezo wa kujitungia sauti. La, hasha. Kijana alijifunga sheria kali kuliko mshairi afungwavyo na mizani. Haruhusiwi kubuni neno kwa matamanio yake. Lazima arudi kwenye mzizi wa kale, auchukue kama ulivyo, kisha aupitishe katika mageuzi ya sauti aliyoyaandika mwanzoni mwa daftari. Panapomtupa, ndipo panapokuwa neno lake, likimpendeza lisimpendeze.

Alinionyesha jinsi mageuzi hayo yanavyokwenda. Mwingereza akisema "ten," yaani kumi, Mjerumani husema "zehn." Mwingereza akisema "tongue," yaani ulimi, Mjerumani husema "Zunge." Mbili ni "two" kwa huyu na "zwei" kwa yule. Panapokuwa na "t" huku, mwanzoni mwa neno, pana "ts" kule, na mabadiliko hayo hayaendi ovyo. Jakob Grimm, ambaye yeye na nduguye Wilhelm walikusanya ngano za Kijerumani zilizosifika duniani, aliipanga sheria ya namna hii mwaka 1822, akaonyesha kwamba mahali ambapo Kilatini husema "p," "t" na "k," lugha za ukoo wa Kijerumani husema "f," "th" na "h." Tatu kwa Kilatini ni "tres," na kwa Kiingereza ni "three." Pembe ni "cornu," na kwa Kiingereza ni "horn."

Hapo nikamkatiza. "Haya mbona twayajua! Mtu wa Unguja akisema mchele, sisi wa Mvita twasema mtele. Yeye hucheka, sisi twateka. Yeye ana mchanga, sisi tuna mtanga. Yeye ana nchi, sisi tuna nti. Na akisema njia, njaa na njoo, sisi ni ndia, ndaa na ndoo."

Kijana aliacha kalamu ikaanguka. "Mjomba, hiyo ni sheria! Rudia niandike."

Nikarudia, naye akaandika. Ilinipa furaha, na pia iliniuma kidogo. Maana mwaka 1928 walikutana wakubwa wa serikali na wamisheni pale pale Mombasa, wakaamua kwamba Kiswahili cha shule na vitabu kiwe cha Unguja. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ikashika njia hiyo. Tangu hapo ndia yetu na ndaa yetu zikaitwa makosa katika daftari la mtoto wa shule. Kumbe si makosa. Ni mtoto wa pili wa mama yule yule, na ukimtupa mmoja humjui mama vizuri. Mjerumani Carl Meinhof alifanya kazi ya kuwapanga watoto wa Kibantu mwaka 1899, na aliweza kwa sababu lahaja na lugha hizo zilikuwa zikisemwa bado.

Usiku ule hatukulala mapema. Nilimwomba aniundie neno mbele ya macho yangu. "Niundie gari moshi," nikamwambia.

Akasema kwamba hawezi kulitumia neno la Kiingereza la "train," kwa kuwa Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na kanuni yake ni kutochukua cha Mfaransa wala cha Mlatini. Basi akauliza: gari moshi hufanya nini? Huvuta. Mzizi wa kale wa kuvuta katika ukoo ule ni "tug," na Mwingereza bado anao katika neno lake la kuvutia meli bandarini. Akaupitisha katika sheria zake, hii ikageuza irabu, ile ikakata mwisho, akapata "tog." Akaandika. Siku kadhaa baadaye, akasema, alifungua kamusi ya Kidenmaki, akakuta kwamba Wadenmaki huliita gari moshi "tog," na Wajerumani huliita "Zug," kwa mzizi huo huo wa kuvuta.

"Nilihisi kama mtu aliyechimba kisima," aliniambia, "akasikia sauti ya mwenziwe akichimba upande wa pili."

Lakini kanuni zake zina pahali pa kujikwaa. Katika safu ya vyakula aliandika neno la pilipili, lililofanana na "pepper" ya Mwingereza na "Pfeffer" ya Mjerumani. Nikamwuliza kama hilo ni la asili. Akasema lipo katika lugha zote za ukoo. Nikamwambia, "Lipo, lakini pilipili haioti kwenye theluji. Hilo ni neno la Wahindi, limepita kwa Wagiriki na Walatini likafika kwao, na limepita kwa Waajemi na Waarabu likafika kwetu. Pilipili yako na yangu zimetoka gunia moja." Kijana akalitazama neno lile kwa muda, kisha akaliacha. Ni vizuri. Lugha isiyochukua cha jirani haijapata kuwapo, na anayeitafuta lugha safi kama maziwa ya kifuani atachoka.

Msomaji aliyepitia chuoni atakuwa ameona kwamba njia hii si ngeni kwetu hata chembe. Mwalimu wetu, Mola amrehemu, alikuwa akitupa herufi tatu, kaf, te na be, akatwambia tuzitie katika vyombo mbalimbali. Tukapata kitabu, katibu, maktaba na mkataba. Neno lenyewe la sarufi ni elimu hiyo ya kugeuza mizizi. Kijana wa Egerton alifika kwa njia ya Kaskazini mahali tulipofikishwa sisi kwa ubao na wino wa masizi.

Wala yeye si wa kwanza kuunda lugha ya ukoo ule. Norwe ilikuwa chini ya Denmaki kwa karne nyingi, na watu wake walioelimika wakawa wanaandika Kidenmaki. Mwana wa mkulima, jina lake Ivar Aasen, alizunguka mabonde na milima katika miaka ya 1840 akiandika maneno ya wavuvi na wakulima. Mwaka 1848 akatoa sarufi, mwaka 1850 akatoa kamusi, na mwaka 1853 akatoa mifano ya lugha aliyoiunda kwa kuzilinganisha lahaja zile na Kinorwe cha kale. Hakuna kijiji kilichokuwa kikisema lugha ile kama alivyoiandika. Lakini mwaka 1885 bunge la Norwe liliipa haki sawa na ile nyingine, na leo kuna watoto wanaoisoma shuleni na magazeti yanayoiandika. Ilipata watu kwa sababu kila neno lilitoka kinywani mwa mtu.

Watu wa Aislandi nao hawapendi kukopa. Simu ilipowafikia, walifufua neno la kale lililokuwa na maana ya uzi au kamba, wakaiita "sími." Mpwa wangu aliponiambia hilo nilimtaka aliseme tena, nikadhani ananitania. Maana simu yetu sisi tumeitoa katika neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Kisiwa cha barafu na pwani ya minazi havikuulizana, na kila mmoja alitazama waya ule akauita kwa jina la uzi. Ama kompyuta waliiita "tölva," kwa kuunga neno lao la hesabu na neno la kale la mwanamke mwaguzi. Na sisi tunalo tarakilishi, lililoungwa kwa tarakimu na akili. Wao wametia mwaguzi, sisi tumetia akili. Nadhani hapo tuliwashinda.

Kwetu aliyeifanya kazi hii kwa moyo ni marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Televisheni ilipomkabili, hakukimbilia Kiingereza wala Kiarabu. Alichukua rununu, yaani habari isikikayo kutoka mbali, akachukua maninga, yaani macho katika Kiswahili cha kale, akaviunga akapata runinga. Watu walimcheka. Leo runinga imo magazetini na katika vitabu vya shule vya Kenya, na rununu yenyewe imefufuka ikawa jina la simu ya mkononi. Lakini si maneno yake yote yaliyopata bahati. Kompyuta aliiita ngamizi, nalo limebaki kwa wachache, likigombana na tarakilishi huku watu wengi wakisema kompyuta na kwenda zao.

Asubuhi ya pili tulikwenda Njoro. Njiani nilimwonyesha kijana kwamba ukoo wa lugha yake ya daftarini ulikwisha kupita hapa zamani. Mwaka 1908 Makaburu wa kikundi cha van Rensburg walishuka Mombasa kutoka kusini, wakapanda gari moshi hadi Nakuru, na kutoka hapa wakafunga magari ya ng'ombe kwenda Uasin Gishu. "Boer" kwao ni mkulima, na mdomo wetu ukamfanya Kaburu. Lugha yao ni binti wa Kiholanzi. Na jambo ambalo kijana hakulijua, nami nilifurahi kuwa na langu la kumpa, ni kwamba miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya lugha hiyo kimo kitabu cha dini yetu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kilitungwa na Sheikh Abu Bakr Effendi, aliyetumwa Cape na dola ya Uthmaniya katika miaka ya 1860 kuwafundisha Waislamu, nacho kikachapishwa Istanbul mwaka 1877. Waislamu wa kule waliiandika lugha ya ukoo wa Kijerumani kwa alifu na bee, kama sisi tulivyoandika tenzi zetu. Kadhalika shule yetu ni ya Mjerumani, na hela ni sarafu yake aliyoitumia Tanganyika.

"Basi mjomba huoni kwamba kazi yangu ni mbaya?" aliniuliza.

Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo, kwani mama yake alinipa ujumbe wa kumwonya. Nikamwambia, "Si mbaya. Lakini ni nani atakayeisema? Umeunda maneno elfu mbili kwa watu wasiokuwapo, ilhali watu waliopo wanasema esijiaa na tivii. Akili hiyo ungeitia katika Kiswahili, je?"

Hakunijibu. Tulikuwa tumesimama kando ya shamba, na mbele yetu trekta lilikuwa likilima, vumbi jekundu likilifuata.

"Mjomba," akasema, "lile ungeliitaje?"

"Trekta. Watu wote huliita trekta."

"Babu alikuwa na neno."

Akafungua daftari ukurasa wa mwisho kabisa. Juu yake aliandika: Maneno ya Babu. Hapakuwa na thaa ya Aislandi pale. Palikuwa na Kiswahili kitupu: mlingoti, foromali, mkuku, mataruma, demani, joshi, henza, jarari, na mengineyo, kila moja na maelezo yake. Babu yake ndiye baba yangu mimi, aliyekuwa baharia maisha yake yote, kati ya Lamu, Mombasa na Pemba. Kijana alikuja kwetu likizo akiwa na miaka kumi na mitatu, akakaa naye barazani, akamwuliza jina la kila kamba. Mwaka uliofuata baba alifariki.

Nikasoma: "Henza ni kamba nene iliyoshikana na foromali, hupanda pamoja na tanga. Jarari ni nyembamba, hupita katika kapi, na ndiyo mabaharia waivutayo. Ukivuta jarari, henza hupanda."

"Jarari ni mvutaji," kijana akasema. "Nilitafuta. Mzizi wake ni jarra, kuvuta. Na nimeona kwamba Waarabu wa siku hizi trekta huliita jarrar. Neno lilikuwa kwetu, mjomba, juu ya jahazi."

Jarra! Mimi niliyeimba herufi za jarri utotoni, min na ila na ala na fi, zenye kulivuta jina likapata kasra, nilikuwa na mzizi ule kinywani tangu nikiwa na miaka minane, na neno lenyewe nikilisikia nyumbani kwetu kila siku, wala sikuyakutanisha hata mara moja.

Lakini si hilo lililonikaa kooni. Miaka mingi iliyopita nilitunga shairi la safari ya baharini, likachapwa gazetini, na watu walilisifu. Ndani yake nilisema kwamba mabaharia walishika henza wakaivuta kwa nyimbo. Nilimsomea baba. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shairi zuri, mwanangu. Lakini jahazi lako halitapandisha tanga." Nilidhani ni mzaha wa mzee, nikacheka, nikaondoka. Sikumwuliza kwa nini. Nilipata majibu yake Njoro, kando ya shamba la ngano, katika mwandiko wa mtoto aliyemwuliza.

Nilimwambia dada usiku ule kwamba mwanawe hana neno, amwache na daftari lake, madhali masomo yake hayaharibiki. Mtu aliyejizoeza kuheshimu mzizi wa neno la Mdenmaki hawezi kulidharau neno la babu yake. Na pengine asingeliona thamani ya ukurasa ule wa mwisho kama asingeliandika zile kurasa nyingine. Dada akaliomba daftari, akatafuta ukurasa wa baba yetu, akausoma kimya. Kisha akalirudisha kwa mkono, bila ya leso.

Sisemi kwamba sasa tumlazimishe mkulima wa Njoro aliite trekta lake jarari. Hajapata kuona jahazi, na trekta limekwisha kumkaa mdomoni. Ninalosema ni jingine. Maneno yetu ya kuundia mengine hayamo ofisini. Yamo kwa nahodha aliyestaafu, kwa fundi wa majahazi, kwa mama mshona kofia, kwa mkwezi wa minazi, na kila jeneza tunalolisindikiza huondoka na sehemu ya ghala hilo. Nabhany alitunga utenzi mzima wa jahazi, Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, ili maneno kama hayo yasizame. Mtu mmoja hawezi kuyaokoa yote.

Niliporudi Mombasa nilinunua daftari la kurasa mia mbili. Karibu na nyumba yangu yupo mzee aliyekuwa serahangi wa jahazi, na kila alasiri huketi barazani. Siku ya kwanza nilimwuliza jina la kamba moja tu. Alinitazama, akaniuliza, "Baba yako hakukwambia?" Nikasema, "Sikumwuliza." Akasogea, akanipa nafasi ya kuketi. Na kwa vile mimi ni mtu wa mashairi, nilirudi nyumbani nikaandika ubeti huu juu ya ukurasa wa kwanza:

Lugha mti una shina, mizizi ndiyo asili,
Asojua lake jina, hamjui na wa mbali,
Tuulize wanonena, wakingali na kauli,
Neno hai ni la watu, si la kitabu na wino.